Jina na Kazi: Mafundi wa Sura za Kutisha katika Filamu za Hollywood, 1925–1982

Historia ya filamu za kutisha za Hollywood husimuliwa zaidi kupitia waigizaji na waongozaji. Insha hii inawachunguza mafundi walioumba sura za madubwana, na inajenga hoja kwamba mabadiliko ya malighafi yaliligeuza pia suala la nani ahesabiwe kuwa mwenye kazi.

Hapo awali suala hilo halikuwa na utata. Katika The Phantom of the Opera (1925), Lon Chaney alijipodoa mwenyewe. Mwigizaji ndiye aliyekuwa fundi. Baadaye, katika studio ya Universal, Jack Pierce alimpodoa Boris Karloff kwa ajili ya Frankenstein (1931). Alitumia pamba na kolodioni, kimiminika kinachokauka na kuwa utando mgumu, akalijenga paji la uso tabaka kwa tabaka. Kazi ilichukua takriban saa nne, ikabanduliwa jioni, na kesho yake ikaanza upya. Kwa The Mummy (1932), saa zilifikia takriban nane.

Mpira wa povu, uliotumika katika The Wizard of Oz (1939), ulileta utaratibu mwingine. Uso wa mwigizaji ulitolewa nakala ya plasta. Juu ya nakala hiyo sura mpya ilifinyangwa kwa udongo. Udongo ukatolewa kalibu. Kisha mpira ukamiminwa ndani ya kalibu na kuokwa. Kipande kilekile kiliweza kutolewa tena na tena, na sura haikubadilika siku hadi siku. Hata hivyo, kazi iligawanyika: msanifu, mfinyanzi, mtengeneza kalibu na mbandikaji waliweza kuwa watu tofauti. Pierce, aliyeishikilia zaidi njia ya zamani, aliondolewa Universal katika miaka ya 1940, na nafasi yake ikachukuliwa na Bud Westmore.

Athari za mgawanyo huo zinadhihirika katika Creature from the Black Lagoon (1954). Milicent Patrick alilisanifu dubwana, Chris Mueller alifinyanga kichwa chake, na Jack Kevan alishughulikia vazi la mpira. Pamoja na hayo, jina lililoandikwa kwenye filamu lilikuwa la Westmore, mkuu wa idara. Patrick alipopelekwa katika ziara ya kuitangaza filamu, Westmore alipinga asitambulishwe kuwa muumbaji wa dubwana hilo, na baadaye hakumpa tena kazi. Mgogoro huo haukutokana na wivu pekee. Utaratibu wa studio ulikwisha kumpa mkuu haki ya jina.

Taasisi ya tuzo za Oscar nayo ilichelewa kuitambua fani hii. William Tuttle (1965) na John Chambers (1969) walipewa tuzo za heshima tu. Baada ya malalamiko kuhusu The Elephant Man (1980), kipengele cha kudumu kilianzishwa, na mwaka 1982 Rick Baker akawa mshindi wa kwanza kwa An American Werewolf in London.

Kwa hiyo, orodha ya majina katika filamu za kipindi hiki inaeleza mamlaka ya studio kuliko inavyoeleza kazi iliyofanyika. Mtafiti anayeitegemea peke yake huurudia uamuzi wa mkuu wa idara. Michoro, kalibu na picha za karakana hazina budi kusomwa sambamba nayo, kwa kuwa humo ndimo mikono isiyotajwa ilimoacha alama zake.