Posho na Hongo: Historia ya Safari za Rahisi Kutoka Likasi

Mwaka 1806 wanaume wawili kutoka Angola walifika kwa mfalme Kazembe, upande wa mto Luapula, wakielekea Tete, Msumbiji. Walikuwa Pedro João Baptista na Amaro José, Waafrika waliotumwa na mfanyabiashara Mreno Francisco Honorato da Costa wakatafute njia ya kuunganisha bahari mbili. Kwa Kazembe walizuiliwa kiasi cha miaka minne. Tete waliingia Februari 1811, na Angola walirudi mwaka 1814, wale waliowaaga wakiwa wamezeeka. Baptista aliandika shajara njia nzima, na ndani yake anayataja mawe ya kijani yenye shaba ya nchi hii ya Katanga, mawe yale yale yaliyokuja kuzaa Likasi, Kambove na Kolwezi.

Namkumbuka Baptista kila ninapomwona kijana wa mjini kwetu Likasi akifungua daftari apange safari yake: Zambia, Tanzania, labda Kenya na Uganda, begi moja mgongoni, dola chache kwenye soksi. Mstari wa kwanza huwa ni nauli. Wa pili chakula, wa tatu pa kulala. Halafu anajumlisha, anafurahi kwamba inawezekana. Baptista angemwambia aongeze mstari wa nne, na kwamba huo wa nne ndio utakaokula daftari zima.

Misafara ya zamani iliupa mstari huo jina. Wapagazi wa Kinyamwezi na Waswahili waliotoka Bagamoyo kwenda bara walihesabu gharama zao kwa maneno mawili, posho na hongo. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi: kibaba cha nafaka, au kipande cha kitambaa cha kununulia nafaka hiyo kijijini. Hongo ilikuwa malipo kwa mtemi ili upite katika nchi yake na uchote maji ya visima vyake. Zote mbili zililipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki na kwa shanga, na kitambaa kilipimwa kwa mkono: shuka mikono minne, doti mikono minane. Posho ilipangika. Unajua watu ni wangapi na siku ni ngapi, unazidisha. Hongo haikupangika. Ugogoni, ambako maji ni machache, msafara uliweza kupiga kambi siku kadhaa mtemi na kiongozi wakibishania idadi ya doti, na siku hizo zote posho ilikuwa inatoka. Hapo ndipo msafara ulipofilisika, katika kungoja. Leo neno hongo limebaki na maana ya rushwa peke yake, na nadhani tumelionea kidogo, maana zamani lilikuwa ushuru wa wazi, uliotolewa mchana mbele ya watu.

Njia hizo zilifika mpaka huku. Kalasa, Mnyamwezi aliyekuja kununua shaba, alimleta mwanawe, na mwana akabaki: ndiye Msiri, aliyejenga Bunkeya, kaskazini mwa Likasi, na kuwatawala Wayeke na majirani zao. Bunkeya ilikuwa na milango miwili. Wa mashariki ulielekea Tabora na pwani ya Bagamoyo. Wa magharibi ulielekea Bihé na Benguela, kwa wafanyabiashara wa Ovimbundu. Shaba, pembe na watumwa walitoka, bunduki na vitambaa vikaingia. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliokuwa umekuja kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, nao pia kutoka pwani ya mashariki, nao pia mabegani mwa wapagazi.

Karibu miaka sita kabla ya hapo, Februari 1886, Bunkeya ilipokea mgeni ambaye kwangu ndiye babu wa wasafiri wa begi katika nchi hii. Frederick Stanley Arnot, Mskoti, alikuwa ameondoka Natal mwaka 1881. Alipitia Potchefstroom na Shoshong, akakaa kwa Walozi wa mfalme Lewanika, akashuka mpaka Benguela, akapanda tena bara mpaka kwa Msiri. Hakuwa na mshahara: watu wa dhehebu lake walimtumia walichojaliwa, kikifika kimefika. Aliyezoea kuwasoma wasafiri Wazungu kama Stanley na Cameron na mamia ya wapagazi wao atashangaa jinsi Arnot alivyokwenda na mizigo michache. Kilichomfikisha ni kukaa na watu. Alikula walichokula, alingoja walipomwambia angoje, na hakujifanya ana haraka. Karibu miaka mitano toka Natal hadi Bunkeya. Kwa franga ilikuwa safari ya rahisi. Kwa siku ilikuwa ghali mno.

Halafu reli ikaja na kuubadilisha mwaka kuwa juma. Njia iliyoanzia Cape Town ilivuka maporomoko ya Victoria mwaka 1905, ikafika mpaka wa Kongo mwaka 1909, Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1913 Kambove, ikipita hapa petu Likasi. Mji ulioota kando yake Wabelgiji waliuita Jadotville, kwa jina la mhandisi Jean Jadot. Jina hilo lilirudi midomoni mwa Wazungu mwaka 2016, filamu ilipotoka kuhusu askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa hapa Septemba 1961. Sisi tulikuwa tumelisahau.

Msafiri asiye na fedha anapaswa kujua jambo moja la kifundi: upana wa reli. Reli yetu ina milimita 1,067, sawa na ya Cape Town, Bulawayo, Beira na Lobito, na sawa pia na TAZARA. Behewa lililosimama Likasi linaweza, kwa sheria ya chuma peke yake, kuteleza mpaka Dar es Salaam au Lobito bila kubadilisha magurudumu. Reli ya kati ya Tanzania, ile ya Dar mpaka Kigoma, ina mita moja kamili. Hapo lazima ushuke. Ramani nzima ya safari ya rahisi katika sehemu hii ya Afrika imo ndani ya tofauti hiyo ya milimita 67.

Lakini si kila mtu aliyepanda treni hiyo alikuwa anasafiri kwa hiari. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, ilihitaji mikono ya watu. Iliitafuta Rhodesia ya Kaskazini na Angola, na kuanzia mwaka 1925 mpaka Ruanda-Urundi. Mnyarwanda aliyeandikishwa alitembea mpaka ziwani, akapanda meli mpaka Albertville, yaani Kalemie ya leo, akachukua treni mpaka Kabalo, mashua ya Lualaba mpaka Bukama, kisha treni nyingine mpaka migodini. Hakulipa nauli. Alipewa posho. Neno la wapagazi lilifika hapa likiwa hai, likapata kazi mpya: mgao wa chakula uliotolewa na kampuni kwa mfanyakazi, mkewe na watoto wake. Wazee wa kambi za Panda na Shituru bado hulitamka kwa namna ya pekee, nusu kwa shukrani, nusu kwa uchungu, maana posho ilikuwa shibe na ilikuwa kamba pia. Hata Kiswahili chetu kilifika kwanza kwa miguu, ila kambi ndizo zilizokifanya lugha ya mama.

Mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganishwa na yetu kupitia Dilolo na Tenke, na Atlantiki ikawa jirani. Ulipanda Likasi, ukabadilisha Tenke, ukavuka Angola, ukashuka baharini Lobito. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga njia hiyo, ikabaki bila kupitika kwa miaka mingi. Wachina walipomaliza kuijenga upya upande wa Angola katika miaka ya 2010, kilichorudi kwa wingi ni madini. Shaba ina haraka kuliko abiria.

Kuna safari moja ambayo historia ya stesheni ya Likasi haiwezi kuiruka. Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, na huku Katanga chuki dhidi ya watu wa Kasai ikalipuka. Makumi ya maelfu walifukuzwa majumbani mwao mjini Likasi, wengi wao wamezaliwa hapa, baba zao wameletwa na kampuni ile ile iliyogawa posho. Walirundikana stesheni na mashuleni, chini ya turubai na mabati, wakingoja treni za kuwapeleka Mwene-Ditu, kwenye nchi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona. Treni zilikuwa chache. Wapo waliongoja miezi. Wapo waliokufa wakingoja, na wengine njiani ndani ya mabehewa. Anayeketi leo kwenye jukwaa hilo na begi lake la safari amekalia hayo, ajue asijue.

Basi turudi kwenye daftari. Njia ya rahisi zaidi ya kuelekea mashariki ni hii: gari la abiria mpaka Lubumbashi, kilomita 120 hivi, kisha Kasumbalesa, mpakani, kisha basi za Zambia mpaka Kapiri Mposhi. Hapo inaanza TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Dar es Salaam, reli iliyojengwa kwa mkopo wa China na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ili Zambia ya Kaunda isitegemee tena njia za Rhodesia na Tanzania ya Nyerere ipate reli ya kuelekea kusini. Treni yake ya haraka waliipa jina Mukuba, yaani shaba kwa Kibemba. Mluba naye akilisikia jina hilo hahitaji mkalimani. Ratiba huhesabu siku mbili. Wazoefu hubeba chakula cha zaidi. Wa kurudi kwa njia nyingine atachukua reli ya kati mpaka Kigoma, avuke ziwa mpaka Kalemie, kisha ashuke kwa treni kupitia Kabalo na Kamina. Kipande hicho cha mwisho kisiandikwe saa kwenye daftari. Kiandikwe majuma.

Kuhusu malazi sina mengi ya kusema: nyumba za wageni za misheni bado ni safi na bei yake inabebeka, na ndugu wa ndugu yako hukosi. Kongo iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, jambo linalosaidia. Ila pasipoti, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano na picha ndogo za ziada viwe mfuko wa mbele, kwa sababu siku moja ya kungoja mpakani kwa karatasi iliyosahaulika inakula kama siku moja ya Ugogoni. Mimi humwambia kijana aweke fungu la kungoja kwanza, ndio ule mstari wa nne, robo ya fedha zote, kisha ndipo agawe nauli na chakula.

Chakula chenyewe hakitamsumbua. Atakuwa ameondoka Likasi tumboni ana bukari na sombe. Kitwe watamwekea unga ule ule na kuuita nshima, Mbeya watauita ugali. Akifika Kampala, kama fedha zimetosha, atakaa mezani, na mhudumu atamuuliza kama anataka wali au posho.