Ukaribu si Nasaba: Dhamana za Ndoa na Sensa katika Kuwatafuta Walowezi wa Kentucky

Sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, ilihesabu Kentucky watu 73,677, wakiwemo watumwa 12,430. Jumla hizo zilichapishwa, zikabaki. Madaftari yenyewe yalipotea, na ya mwaka 1800 vilevile. Hata yangalikuwapo, yasingalimfaa sana mtafuta nasaba, kwa kuwa sensa ya 1790 ilidai jina la mkuu wa kaya peke yake. Waliobaki waligeuzwa idadi katika safu. Majina ya watu huru wote yalianza kuandikwa 1850, na swali la uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya halikuulizwa hadi 1880. Mtoto wa miaka 8 aliyeandikwa katika kaya fulani mwaka 1850 anaweza kuwa mwana, mpwa, yatima aliyechukuliwa kulelewa, au mwanagenzi wa fundi. Karatasi haisemi.

Watafiti huziba pengo hilo kwa orodha za kodi, ambazo ziliwataja wanaume weupe waliotimiza miaka 21 pamoja na ardhi, farasi na watumwa wao. Zikisomwa mwaka baada ya mwaka, zinasema mengi: kijana anajitokeza akifikia umri, mzee anatoweka na jina la mwanamke linashika nafasi yake, nawe unajua pana mjane. Mtaalamu wa nasaba wa Marekani, Elizabeth Shown Mills, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba asiyeonekana katika nyaraka atafutwe kupitia jamaa, washirika na majirani zake. Nakubaliana naye. Ninachokipinga ni hatua inayofuata, ambayo wengi huichukua bila kujua kwamba wameichukua: kuuona ukaribu uliothibitishwa na hati, kisha kuuandika katika mti wa ukoo kana kwamba ni damu.

Mfano bora ni dhamana ya ndoa. Kentucky ilirithi utaratibu huu kutoka Virginia. Bwana harusi na mdhamini wake walikwenda kwa karani wa kaunti na kujifunga kwa pauni 50 kwamba hakuna kizuizi cha kisheria kwa ndoa iliyokusudiwa. Hati hiyo inathibitisha nia tu. Kwamba ndoa ilifungwa kweli hujulikana kwa taarifa ya mchungaji, kama aliipeleka. Jina la bibi harusi nalo laweza kuwa la marehemu mume wake wa kwanza. Mdhamini mara nyingi alikuwa baba au kaka wa bibi harusi, na hapo ndipo mtego ulipo. Msomaji wa pwani asimfananishe na walii wa ndoa ya Kiislamu, ambaye nafasi yake hupangwa na nasaba. Mdhamini alihitaji tu kuaminika kwa pesa.

Kisa cha wazazi wa Abraham Lincoln kinaonyesha faida na hatari kwa pamoja. Kwa miaka mingi uvumi ulidai kwamba Thomas Lincoln na Nancy Hanks hawakuoana kihalali, kwani hati yao haikuonekana katika kaunti ya Hardin, alikoishi Thomas. Dhamana ilikuwa kaunti ya Washington, upande wa bibi harusi, imeandikwa tarehe 10 Juni 1806. Ilipatikana 1878, na taarifa ya mchungaji Jesse Head ikaonyesha kwamba ndoa ilifungwa siku mbili baadaye. Uvumi ulizaliwa na watu waliotafuta katika kaunti isiyo sahihi wakadhani ukimya wa rafu moja ni ukimya wa Kentucky nzima.

Lakini dhamana hiyohiyo ilizua kosa jingine. Mdhamini, Richard Berry, alijiandika kuwa mlezi wa Nancy, ingawa Nancy alikuwa na umri wa miaka 22 hivi na kisheria hakuhitaji mlezi. Ukoo wa akina Berry ulikuwa umeoana na wa akina Shipley, na baadhi ya waandishi wakajenga hoja kwamba Lucy, mama yake Nancy, alizaliwa Shipley na kupata jina la Hanks kwa kuolewa. Hoja ilipendeza, hasa kwa waliotaka kumpatia Nancy baba mwenye jina na ndoa. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba vinavyorithiwa kwa upande wa mama uliikanusha: Lucy alikuwa Hanks kwa kuzaliwa. Saini ya Berry ilisema kweli kuhusu nani alimhifadhi msichana. Waliofika kwenye damu walifika wenyewe.

Kosa hilo huwa zito zaidi kwa walowezi ambao hawakuja kwa hiari. Watumwa walipita njia ya milimani ya Cumberland Gap na kufyeka misitu pamoja na mabwana wao, lakini sheria haikutambua ndoa zao, hivyo hakuna dhamana ya kutafuta. Orodha za watumwa za sensa ya 1850 na 1860 zinamtaja mmiliki. Mtumwa ni umri, jinsia na rangi. Ni mwaka 1866 Kentucky ilipowaruhusu kutangaza ndoa zao mbele ya karani, na sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wengi wao kwa majina. Mtafiti anayemkuta mtu mweusi mwaka huo, akiishi jirani na mzungu wa jina lilelile, hudhani amempata mmiliki wake. Wengi, hata hivyo, walichukua jina la mmiliki aliyekuwapo kabla ya yule wa mwisho, au jina jingine kabisa. Hapa jirani hatoshi. Inabidi kusoma wosia na orodha za mali za marehemu. Sheria ilimfanya mtoto afuate hali ya mama, kwa hiyo mthamini wa mali alikuwa na sababu ya kumwandika mwanamke kwa jina pamoja na mtoto wake mchanga, na bei moja kwa wote wawili. Hati iliyowahesabu kama bidhaa ndiyo, mara nyingi, pekee inayotamka waziwazi nani alimzaa nani, ingawa kwa upande wa mama tu.