Semina ya bure ya parsele, na swali la mama wa Lubunga

Jumamosi moja nilikaa katika ukumbi mmoja wa komine ya Makiso, kiti cha nyuma, na kinasa-sauti changu mkononi. Tangazo lilikuwa limesema: mafunzo ya bure juu ya kuwekeza katika ardhi na nyumba, kiingilio bure, sukre bure, kalamu bure. Viti vilijaa. Msemaji alivaa koti na tai kwenye joto lile, akatuonyesha ukutani picha ya nyumba ya ghorofa yenye jarden mbele. Umeme ulipokatika waliwasha grupu, akaendelea. Alisema ardhi haiozi, anayelala leo atakuwa mpangaji kesho, na mji unakua kuelekea barabara ya Buta kila siku. Baada ya saa moja na nusu tulielewa ile meza ya nyuma ilikuwa ya nini: dola 50 za kuandikisha jina, zinazobaki utalipa kila mwezi, na parsele inakungoja huko kwenye kilometa.

Wakati wa maswali alisimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alisema: "Mukubwa, mimi parsele yangu nimeiacha ng'ambo, Lubunga. Fishi iliungua pamoja na nyumba. Ile ningali nayo, ama haihesabiwi tena?" Msemaji akatabasamu. "Mama, leo tunaongea juu ya mambo ya mbele, si ya nyuma." Watu wakacheka kidogo, wakapiga makofi. Mama akakaa.

Mimi nadhani swali lake ndilo lilikuwa semina yenyewe. Kwa hiyo leo naandika juu ya mambo ya nyuma.

Stanley aliacha kituo chake hapa kwenye maporomoko mwezi wa 12 mwaka 1883. Hata miaka 2 haikuisha. Tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1885, utawala wa Mfalme Leopold ulitoa amri kwamba ardhi yote "wazi" ni mali ya Serikali, na kwamba hakuna mtu anayeweza kukalia ardhi ya namna hiyo bila karatasi. Lakini katika msitu wetu, shamba linalimwa misimu michache, kisha linaachwa lipumzike mpaka miti irudi. Mzee wa kijiji anajua ni la ukoo gani. Mzungu aliyepita na ramani aliona msitu tu, akaandika: wazi. Na sehemu kubwa ya nchi ikapotea hivyo, kwa kalamu.

Karatasi yenyewe ilitoka mbali. Mwaka 1858, huko Australia ya Kusini, mtu aitwaye Robert Torrens alileta mpango wa kitabu kimoja cha Serikali: jina lililoandikwa humo ndilo mwenye ardhi, basi. Mpango huo ndio uliochukuliwa na kuletwa Kongo, na sertifika ya anrejistreman tunayoijua leo ni mtoto wake. Ni mpango mzuri kwa yule ambaye jina lake limo kitabuni.

Majina ya wazee wetu hayakuwamo. Kwa dekreti ya tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 1931 Wabelgiji walipanga kile kilichoitwa "centre extra-coutumier", yaani mitaa ya Weusi kando ya mji wa Wazungu. Hapo mtu alipewa kiwanja akijenge, lakini alikuwa mkaaji, si mwenye ardhi. Mtafiti mmoja, Valdo Pons, aliishi Stanleyville miaka ya 1952 na 1953 akifuatilia maisha ya watu wa njia moja tu, Avenyu 21, halafu akaandika kitabu kizima juu yao. Mwezi wa 2 mwaka 1953, wakati Pons alipokuwa akifanya kazi yake, dekreti nyingine ilitoka kuruhusu Mkongomani kumiliki kiwanja kwa jina lake mwenyewe. Miaka 7 tu kabla ya uhuru. Wengi hapa mjini waliingia mwaka 1960 na livre ya lojere mkononi, kile kijitabu cha mwenye kukaa, na kuna familia ambazo mpaka leo zinakitoa sandukuni kama ndiyo hati ya nyumba.

Baada ya uhuru mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1964 Wasimba waliteka mji tarehe 5 mwezi wa 8, na askari wa Ubelgiji wakashuka na parashuti tarehe 24 mwezi wa 11. Watu walikimbilia msituni, wengine walirudi wakakuta mtu mwingine anapika jikoni mwao. Mwaka 1966, mwaka uleule Stanleyville ilipogeuka Kisangani, sheria ya Bakajika ilirudisha ardhi yote kwa Serikali ili kuyanyang'anya makampuni ya kikoloni. Kisha tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 ikaja sheria ambayo tumeishi nayo miaka yote hii: udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi. Raia anapata haki ya kuutumia tu. Miezi 4 baadaye Mobutu akatangaza zairianizasyo, na maduka na majumba ya Wagiriki, Wareno na Wahindi wa mji huu yakagawiwa. Waliokuwa karibu na wakubwa walipata.

Angalieni jambo moja katika historia hiyo. Kila mara ni karatasi iliyobadilika. Mtu aliyekuwa akiishi pale hakuulizwa.

Sasa semina. Msidhani ni uvumbuzi wa hapa kwetu. Huko Florida, Marekani, miaka ya 1920, wauza viwanja walileta watu kwa basi la bure. Katika mji mpya wa Coral Gables walimlipa William Jennings Bryan, mtu aliyekuwa amegombea urais mara 3, ahutubie wanunuzi kando ya bwawa la kuogelea. Bei zilipanda, zikaanguka, na tufani ya mwezi wa 9 mwaka 1926 ikamaliza kazi. Karibu na sisi zaidi kwa wakati ni ile iliyojiita Trump University: mkutano wa kwanza bure, kisha masomo ya siku 3 kwa dola 1,495, kisha masomo makubwa ya karibu dola 35,000. Kesi zilimalizika mwaka 2016 kwa makubaliano ya kulipa dola milioni 25. Na sisi tuna yetu. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, mwaka 1991, watu waliuza mpaka friji ili wapande pesa zao, na mwaka huohuo yote yakaporomoka.

Sisemi kila semina ni wizi. Ile niliyohudhuria ilinifundisha kitu: jinsi ya kuhesabu saruji na mabati kabla ya kuanza msingi, na hilo lilikuwa na faida. Kasoro yangu ni ile meza ya nyuma, na yale ambayo hayakusemwa kabla watu hawajaisogelea.

Kwa mfano hili. Kwa sheria ya 1973, haki isiyo na mwisho juu ya ardhi, yaani konsesyo ya kudumu, inapewa mtu wa nyama na damu, tena Mkongomani. Kampuni haiipati. Kampuni inapata konsesyo ya kawaida, kwa jumla isiyozidi miaka 25, inayoweza kuongezwa. Sasa kampuni inayokuahidi parsele "ya milele" inakuuzia haki gani? Yaliyo kwa jina lake? Kwa jina la mkuu wa kijiji? Au mkataba wa location tu, ambao hauzidi miaka 3, na ndani yake unapaswa kujenga kabla ya kuomba kitu kikubwa zaidi? Niliuliza. Niliambiwa nipite bironi kwao Jumatatu. Nilipita, mlinzi akaniambia mkubwa amesafiri.

Na hili la pili, ambalo ni zito kuliko lile. Ardhi ile ya kwenye kilometa si tupu. Sheria ya 1973, katika kifungu cha 389, ilisema haki za watu wa vijiji juu ya ardhi yao zitapangwa na ordonansi ya Rais. Ordonansi hiyo ilingojewa miongo kwa miongo. Katika pengo hilo chifu anatia sahihi, mtu wa ukoo mwingine anasema hakuulizwa, na jeometre anapanda mawe ya mpaka katikati ya muhogo wa mtu.

Ndugu zangu wa Lubunga hawahitaji kuelezwa. Vita vya Wambole na Walengola vilivyoanza mwezi wa 2 mwaka 2023 vilitokana na ardhi iliyoachiwa kampuni ya kilimo: upande mmoja ulisema ni yetu, wao hawakuwa na ruhusa ya kuitoa. Tulihesabu maiti, nyumba ziliungua, watu wakavuka mto na magodoro vichwani. Mama yule wa semina alitoka humo. Na sasa alikuwa amekaa ukumbini, akishawishiwa kutoa dola 50 kwa ardhi ya kijiji kingine.

Jibu la swali lake lipo, hata kama halikutolewa siku ile. Fishi ya parsele inayotolewa na komine au kartye ni ushahidi kwamba ulikuwa ukikaa pale, lakini nguvu yake si ya sertifika. Sertifika peke yake, inayotiwa sahihi na konsevatere wa hati, ndiyo inayothibitisha haki kwa sheria. Na sertifika ikishapita miaka 2 bila kupingwa, ni ngumu sana kuiangusha. Kwa kawaida kinachobaki ni kudai fidia. Hesabuni wenyewe toka mwezi wa 2 mwaka 2023. Mtu akienda kimyakimya kuandikisha parsele yako ukiwa kambini, saa haikungoji.

Tuliona ubaya wa kukosa karatasi baada ya vita vya siku 6, tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa 6 mwaka 2000, Warwanda na Waganda walipopigana kwa mizinga juu ya vichwa vyetu. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022, Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara yake Kongo. Humo, mali zilizoharibiwa zilipewa milioni 40. Kongo ilikuwa imeomba zaidi sana, na mahakama ilitaja upungufu wa vithibitisho. Nyumba ilikuwepo, bomu lilianguka, lakini nani alikuwa na karatasi?

Nilimtafuta yule mama baada ya semina. Hakutoa dola 50, hakuwa nazo. Wiki iliyofuata tulivuka kwa pirogi mimi na yeye, tukaenda kwa mkuu wa kartye yake, ambaye naye anafanya kazi chini ya mwembe kwa sababu ofisi haina mapaa. Daftari la zamani lilikuwepo, limelowa upande mmoja. Jina la marehemu mume wake lilionekana, na namba ya parsele, na avenyu. Mkuu alinakili kwenye karatasi mpya, akagonga muhuri. Majirani 2 waliokuwa wamerudi walitia sahihi kama mashahidi, mmoja kwa kidole. Mama alipiga picha karatasi kwa simu yangu, akaomba niitume kwa mtoto wake aliye Bunia, na kwa shangazi yake Buta, ili iwe mahali patatu.

Njiani kurudi alinionyesha parsele kutoka barabarani. Hatukuingia. Msingi upo, na mpapai umeota pale palipokuwa na chumba cha watoto.