Kisolo: mchezo wa mfalme

Tulipokuwa tungali wanafunzi, wazee wa mtaa waliketi chini ya muembe, wakachimba safu nne za mashimo ku udongo, wakatia mbegu, na mchana wote ukapita. Sisi tuliona ni uvivu tu. Baadaye, tulipokuwa waalimu, tuliwanyanganya watoto mbegu zao wakati wa rekreasio. Leo tunakiri kwamba tulikosea, na historia ya inchi yetu njo inatuhukumu.

Sisi Katanga tunauita kisolo. Warundi na Wanyarwanda wanauita igisoro, watu wa pwani bao. Lakini ushuhuda mkubwa kuliko yote uko kwa Wakuba wa Kasai. Wazee wao wanasimulia kwamba mfalme Shyaam a-Mbul a-Ngoong, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 17, alitembea inchi za mbali kabla ya kutawala, akarudi na maarifa mengi. Alipokuta watu wake wamepotea katika kamari, aliwapa mchezo huu wa mbegu ushike nafasi yake. Kila mfalme wa Kuba huchongewa sanamu yenye alama ya utawala wake. Alama ya Shyaam si mkuki wala simba, ni ubao wa mashimo. Torday, mtafiti Muhungaria, aliichukua sanamu hiyo, na tangu 1909 iko ku London, katika British Museum.

Sasa tujiulize: kwa nini mchezo uponye kamari? Tuangalie igisoro ya majirani wetu, yenye mashimo 32 na mbegu 64. Kila mchezaji ana safu mbili. Unakamata mbegu za shimo moja na kuzipanda moja moja kwa kuzunguka. Ya mwisho ikianguka katika shimo lako la ndani lenye mbegu, na mashimo ya mwenzako yanayolielekea yana mbegu, unazichukua. Lakini huzitii mfukoni! Unazipanda tena upande wako. Zilikuwa 64 mwanzo, zitakuwa 64 mwisho.

Hapo njo penye akili yote. Ukirundika mbegu nyingi pahali pamoja, unamwandalia mwenzako karamu. Ukizitawanya moja moja kila shimo, unakwama, maana shimo la mbegu moja halikamatwi; asiye na shimo la mbegu mbili ameshindwa. Basi ushindi uko kati ya kurundika na kutawanya, yaani katika kiasi. Tena hakuna kilichofichwa, hakuna bahati. Katika kamari aliyeshindwa hulaumu bahati yake na kurudi kesho na franka nyingine. Katika kisolo hulaumu mkono wake mwenyewe, halafu anajifunza kuhesabu.

Wapenzi wasomaji, leo vijana wetu wanashika tiketi za kubashiri mechi za Ulaya hata mlangoni pa shule, na sisi tunalalamika tu. Shyaam hakulalamika, alitoa kitu badala. Wazee wanaojua kisolo wanapungua kila mwaka. Tuwaalike shuleni wangali wazima. Mbegu hazigharimu kitu. Sisi tumekwisha kurudisha zile tulizonyanganya.