Nani Aliyewaumba Watu wa Chini?

Mwaka 1932 Mwingereza mmoja, Aldous Huxley, alitoa hadithi ya kubuni iitwayo Brave New World. Ndani yake watoto hawazaliwi na mama, bali hukuzwa katika chupa, na mabwana wa elimu huwagawa mapema: hawa watawale, hawa wabebe mizigo. Wa chini kabisa hupunguziwa hewa humo chupani ili akili zao zidumae. Je, ni lazima pawepo chupa na mitambo ndipo watu wafanywe duni?

Tazama Usukuma, nchi ya pamba na ng'ombe. Bariadi, ambayo tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, zamani ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Katika nchi hiyo mwanamke hupika miaka na miaka kwa kuni, mabua na samadi kavu, na moshi ukamla macho yakawa mekundu. Akizeeka, wekundu ule alioupata kwa kuwalisha wanawe hugeuzwa ushahidi wa uchawi. Vikongwe wengi wameuawa kwa sababu hiyo. Mwaka 1976 ulifanywa msako Mwanza na Shinyanga kukomesha mauaji ya kishirikina. Baadhi ya waliokamatwa wakafia mikononi mwa askari, na mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa kubeba dhamana.

Kisha ikaja zamu ya albino. Elimu ya urithi yasema wazi: mtoto huwa hivyo akirithi upungufu wa rangi kwa baba na kwa mama pia, ijapokuwa wazazi wenyewe waweza kuwa weusi kama wengine. Hapana laana wala mzimu. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, waganga waongo walipodai kwamba viungo vyao huleta utajiri, watu hao waliwindwa kama wanyama katika mikoa ya Ziwa. Lakini mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mwenye ualbino, awe mbunge wao.

Wala usiseme, "Hayo ni ya bara." Sisi wa pwani tulikuwa na muungwana na mtumwa. Sheria ilifuta hali ya utumwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, lakini baada ya hapo ni posa ngapi zimevunjika kwa swali moja tu, "Babu yake alikuwa nani?" Damu ya mtumwa haikuwa na alama yoyote. Jina lilitosha. Tumesahau kwamba Bilal bin Rabah, aliyekuwa mtumwa Makka, ndiye aliyepewa heshima ya kuadhini?

Naam, Mwenyezi Mungu huumba mtu. Daraja ya chini twaiumba sisi kwa ndimi zetu. Basi wanao wakimcheka jirani kwa rangi ya ngozi yake au kwa asili ya babu zake, waonye siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.