Kununua mguu wa kuku Texas ukiwa na leseni ya kubeba: Venye kaunta inafanya kazi, na mahali wengi hujichoma

Kwa muvi huwa simpo. Jamaa anaingia dukani, anaonyesha kidole kwa glasi, anaweka doh mezani, anatoka na bastola kwa mfuko. Halafu kuna cuzo wako wa Dallas, yule hupost akiwa uwanja wa shabaha, anakushow ati yeye ako na leseni ya kubeba silaha iliyofichwa, so hapo dukani hakuna mtu wa kumuuliza maswali.

Cuzo anasema ukweli nusu. Hiyo kadi inamtolea kitu moja tu: kuchunguzwa rekodi papo hapo. Sheria ingine yote inabaki venye ilikuwa, na kwa mtu ametoka nje ya Marekani, kosa moja kwa kaunta linaeza kumrudisha JKIA. Kama uko na mtu majuu, ama unapanga kwenda, shika hii rada mapema.

HIYO KADI NI NINI?

Texas huiita License to Carry, kwa kifupi LTC. Inatolewa na idara ya usalama ya jimbo. Kawaida unafaa kuwa umefikisha miaka 21. Unapigwa alama za vidole, unakaa darasa la masaa 4 hadi 6, unafanya mtihani wa kuandika, halafu unapiga risasi 50 kwa shabaha mwalimu akiangalia. Ada ya jimbo ni dola 40, bila kuhesabu pesa ya darasa.

Stori ya hiyo kadi ni nzito. Tarehe 16 Oktoba 1991, mwanaume mmoja aligonga ukuta wa mkahawa wa Luby's, mji wa Killeen, akaingia ndani na gari na kuanza kupiga watu risasi. Aliua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa hapo na wazazi wake. Bastola yake alikuwa ameiacha kwa gari, juu wakati huo sheria ya Texas haikuruhusu raia kutembea nayo. Wazazi wake wote wawili walikufa. Alizunguka akitoa ushahidi mbele ya wabunge, na mwaka wa 1995 gavana George W. Bush akatia sahihi sheria ya leseni.

Tangu Septemba 2021, mtu mzima anayekubalika kisheria anaeza kubeba bastola Texas hata bila hiyo kadi. So mbona watu bado wanaitafuta? Sababu moja ni majimbo mengine yanayoitambua. Ya pili ndio inatuleta kwa kaunta.

SIMU YENYE UNARUKA

Duka lolote la bunduki Marekani lazima liwe na leseni ya serikali kuu, mambo yanayoangaliwa na shirika la ATF. Mtu wa kawaida akinunua, duka linapiga simu ama kuingia mtandaoni kwa mfumo wa FBI unaoitwa NICS, wenye kituo chake kiko Clarksburg, West Virginia. Jibu linakuja kwa njia tatu: endelea, subiri, ama umekataliwa.

Huo mfumo pia una damu yake. Machi 30, 1981, John Hinckley alimpiga rais Ronald Reagan risasi Washington, na msemaji wake James Brady akapigwa kichwani. Brady alipona lakini akabaki kwa kiti cha magurudumu. Bastola ilikuwa imenunuliwa wapi? Duka la rehani hapo Dallas. Brady na mkewe Sarah walipigania sheria kwa miaka, Bill Clinton akaitia sahihi Novemba 30, 1993, na NICS ikaanza kazi Novemba 30, 1998.

Sasa, hiyo sheria ya Brady iko na mlango wa pembeni. Kama uko na kibali cha jimbo ambacho hupewi mpaka uchunguzwe kwa NICS, kimetolewa na jimbo lile lile unanunulia, na hakijapitisha miaka 5, duka halihitaji kupiga simu. LTC ya Texas inakubalika hapo. Karani anaandika nambari ya kadi kwa fomu, basi. Maduka mengine bado huchunguza kwa hiari yao, so usianze kelele.

Faida yake inaonekana kwa wasee wenye majina ya kawaida. Jina lako likifanana na la mtu mwenye kesi, unaeza ambiwa "subiri". Duka linangoja siku 3 za kazi, na kama FBI haijajibu, sheria ya serikali kuu inaruhusu likuuzie ama likatae. Hapo ndipo mambo yaliharibika mwaka wa 2015: kijana aliyeua watu 9 kanisani Charleston, South Carolina, alipata bastola baada ya siku hizo kuisha kabla uchunguzi kukamilika. Kama huna kadi na unaangushiwa "subiri" kila saa, unaeza omba FBI ikupe nambari maalum ya kukutofautisha na huyo mwingine.

KWA KAUNTA, HATUA KWA HATUA

1. Kama umebeba yako kiunoni, iache hapo. Usiitoe ndio ulinganishe ama ujaribu ala mpya. Ongea na karani kwanza, akwambie venye wanafanya. Pia angalia mlango: Texas, bango lenye nambari 30.06 linamaanisha mwenye LTC haruhusiwi kuingia na silaha iliyofichwa.

2. Omba uonyeshwe. Karani anaifungua mbele yako muone haina risasi. Na wewe ukiipokea, angalia tena. Kidole mbali na kitufe, mdomo wa bastola usiangalie mtu. Hakuna kitu itakuchomea picha haraka kama kumlenga msee wa kaunta.

3. Chagua kulingana na kazi. Glock 19 mpya huwa kati ya dola 500 na 650, yaani kama elfu 65 hadi 84 za kwetu. Ndogo kama Sig Sauer P365 inajificha rahisi kwa nguo nyepesi, lakini bastola ndogo huruka zaidi mkononi. Kama uwanja wa shabaha uko hapo karibu, kodisha upige kwanza.

4. Toa kitambulisho. Lazima kiwe na picha, hakijaisha muda, na kionyeshe mahali unaishi sasa. Hapa ndio wengi hukwama: umehama nyumba, leseni ya gari bado inasoma mtaa wa zamani. Beba hati ingine ya serikali yenye anwani mpya, kama usajili wa gari. Sanduku la posta halikubaliki kama makao.

5. Jaza Fomu 4473. Kila mtu anaijaza, mwenye kadi na asiye na kadi.

6. Lipa, chukua risiti, na uhakikishe nambari iliyochongwa kwa chuma ndio imeandikwa kwa makaratasi. Duka linafaa kukupa kufuli ama kifaa cha kuifungia, hiyo ni sheria tangu 2005. Texas haina siku za kungoja, so unaenda nayo siku hiyo hiyo.

Ukinunua bastola mbili ama zaidi kwa duka moja ndani ya siku 5 za kazi, duka linaripoti kwa ATF. Si kosa, lakini jua limeandikwa. Na ukinunua mtandaoni, haitaletwa kwa mlango kama pizza. Inatumwa kwa duka lenye leseni jimboni kwako, na unajaza fomu ile ile hapo.

FOMU NDIO INAFUNGA WATU

Fomu 4473 inakaa kama karatasi ya kujiunga na jim, lakini kila jibu unaweka sahihi. Kudanganya kimakusudi kunaeza kukupa hadi miaka 10 ndani. Maswali matatu ndio hatari.

La kwanza: wewe ndio mnunuzi halisi? Bruce Abramski, aliyekuwa karao Virginia, alimnunulia mjombake Glock 19 juu angepata bei ya polisi. Mjomba hakuwa na rekodi mbaya, angeeza kununua mwenyewe. Lakini pesa ilikuwa ya mjomba, na Abramski akaandika ni yake. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka wa 2014 akashindwa kura 5 kwa 4. Zawadi ya kweli, kwa doh yako, kwa mtu anayeruhusiwa kumiliki, ni sawa. Kutumwa na mtu na pesa yake ni kesi. Tangu 2022 kuna sheria maalum ya kununulia mtu kisiri, na inafika miaka 15.

Hii ndio mistari ya kuchunga ukiwa na LTC. Watu wanajua unapita haraka, so wewe ndio wataomba "uwasaidie kidogo".

La pili: unatumia bangi? Hata kama jimbo lako limeihalalisha, fomu yenyewe inakukumbusha kwamba kwa sheria ya serikali kuu bado inahesabiwa. Hunter Biden, mtoto wa rais wa zamani, alijibu "hapana" kwa swali hilo la dawa za kulevya akinunua revolva Delaware mwaka wa 2018. Kwake ilikuwa kokeini. Juni 2024 jopo la mahakama likampata na hatia, na ni msamaha wa babake ulimtoa.

La tatu: uliwahi hukumiwa kwa kupiga mke, mume ama mtu wa familia? Tangu 1996, hata kesi ndogo ya aina hiyo inakufungia mlango. Msee anasema "hiyo ilikuwa tu faini, tuliyamaliza kwa nyumba". Kwa wazee mliyamaliza, kwa fomu bado iko.

KAMA UMETOKA NJE

Hapa soma polepole, halafu umtumie cuzo.

Ukiwa na Green Card, sheria ya serikali kuu haikuzuii kununua. Unaandika nambari yako ya uhamiaji kwa fomu, unaonyesha unaishi jimbo hilo, unaendelea kama wengine.

Ukiwa na viza ya muda, kama F-1 ya wanafunzi, kawaida huruhusiwi kununua wala hata kushika bunduki ama risasi. Kuna njia chache za kutokea, kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Na uwanja wa shabaha unahesabiwa pia. Ile picha ya "first time" ukiwa umeshika Glock ya rafiki inaeza kuwa ushahidi umejipostia mwenyewe.

Muulize Hamid Rehaif, kijana wa Falme za Kiarabu aliyekuja kusoma Florida kwa viza ya mwanafunzi. Alianguka masomo, chuo kikamtoa, yeye akabaki. Siku moja akaenda uwanja wa shabaha, akapiga, akanunua risasi. Alishtakiwa na kuhukumiwa. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu iligeuza hukumu, ikisema serikali lazima ithibitishe alijua hana ruhusa ya kuwa nchini. Alishinda hiyo hoja baada ya miaka ya kesi. Wewe hutaki ushindi wa aina hiyo.

Na hata mwenye Green Card asilale. Hukumu ya kosa la bunduki ni sababu ya kufukuzwa nchini. Mzaliwa akidanganya kwa fomu anaeza kufungwa. Wewe ukidanganya unaeza kufungwa, halafu upandishwe ndege.

JIMBO SI JIMBO

Usichukue ushauri wa mtu wa jimbo lingine. Bastola ya dukani unakabidhiwa jimbo unaishi. Ukipenda moja ukiwa safarini, inatumwa kwa duka la kwenu.

Georgia, leseni ya kubeba inaruka simu ya NICS kama Texas. Florida, bado unachunguzwa, lakini kadi inakutolea zile siku 3 za kungoja bastola. California, hata mwenye kadi anangoja siku 10. Minnesota, ambako Wakenya wamejaa, kawaida unahitaji kibali cha kununua ama cha kubeba kabla duka likuuzie bastola.

Na hiyo heshima ya kadi inaeza kutolewa. Mwaka wa 2019 ATF iliambia maduka ya Alabama yaache kukubali vibali vya jimbo badala ya NICS, juu masherifu wengine walikuwa wanavitoa bila uchunguzi kamili. Uliza duka mambo ya sasa, usitegemee video ya 2017.

NA HUKU KWETU?

LTC haina maana yoyote Kenya. Hapa ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi ya kutoa leseni za bunduki ndio inaamua nani anapata cheti, kabla hata ufikirie duka. Ukija Krisi, bastola inabaki Texas imefungiwa. Halafu toa kila kitu kwa begi ulibeba uwanja wa shabaha, mfuko kwa mfuko. Risasi moja umesahau kwa zipu ni kosa hapa, na karao wa JKIA hatakuwa na haja na kadi yako ya Dallas.

Kama bado huna uhakika na viza yako ama kesi ya zamani, ongea na wakili wa uhamiaji kabla ushike kalamu. Karani wa duka kazi yake ni kuuza. Hiyo sahihi ni yako.