Shoka, Visiki na Ngitili

Wanaosimulia jinsi Usukuma ulivyorudishiwa miti huanza na miche ya vitaluni. Mimi niliyekulia Nkoma, mkoani Simiyu, nikichunga ng'ombe wa babu huanza na shoka.

Mwaka 1922 malale yalizuka wilaya ya Maswa, ambayo siku hizo ilijumuisha Bariadi na huku kwetu pia. Mbung'o wanaoyaeneza hukaa vichakani, basi serikali ya Mwingereza ikaamua kuviondoa vichaka vyenyewe. Kazi hiyo iliongozwa na C. F. M. Swynnerton kutoka Shinyanga. Watemi wakaita watu, wakafyeka na kuchoma. Mbung'o akapungua, ng'ombe wakaongezeka. Kisha pamba ikaenea pamoja na jembe la kukokotwa, na palipokuwa na migunga pakawa shamba.

Kilichosalia ni ngitili. Mvua zikianza, mzee hufunga kipande cha malisho, mifugo isikanyage mpaka kiangazi kikolee, Julai au Agosti. Hapo hufungua kwa zamu: ndama kwanza, na ng'ombe wagonjwa, na maksai wa kulimia. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hushtakiwa kwenye dagashida, baraza la jadi, na kutozwa faini. Sijaona sheria ya ardhi iliyoeleweka zaidi kwa watoto kuliko hiyo.

Operesheni Vijiji ya 1974 ndiyo iliyoiumiza. Nyumba zilihamishiwa kwenye vijiji vipya, lakini ngitili haihamishiki. Ikabaki mbali na mwenyewe, ikaliwa na kila mwenye ng'ombe.

Mwalimu Nyerere alipita Shinyanga mwaka 1984 na kusikitishwa na ukavu wa nchi. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni nguvu ziliwekwa kwenye miche, mingi ya kigeni. Baadaye wataalamu wakakubali walichokijua wazee: visiki vya migunga vilikuwa hai chini ya udongo, vikingoja kuachwa tu. Ngitili zilizosalia mkoani Shinyanga mwaka 1986 zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipokwisha 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000, Bariadi ikiwa ndani ya hesabu, maana mkoa wa Simiyu, ilimo sasa, ulizaliwa 2012. Kuni, majani ya kuezekea, asali na dawa vikarudi karibu na nyumbani, na kina mama ndio waliopumzika kwanza.

Hofu yangu ni urithi. Babu aliwagawia wanawe ngitili yake. Baba aliendelea kuifunga sehemu yake. Baba zangu wadogo wakalima pamba. Kilipokuja kiangazi kirefu walileta ng'ombe kuomba malisho. Baba hakuwatoza ndugu zake hata senti. Aliwaambia tu kwamba kwenye vipande vyao visiki bado vipo, waache kulima upande mmoja mvua zitakapoanza.